Hotuba ya Pumzi za Kuazima

Zipo nchi ambazo mgeni huulizwa pasi yake, na zipo ambazo huulizwa baba yake ni nani. Katika nchi ya Ukingoni, iliyoko mwezini, mgeni huulizwa pumzi. Faki Shaame wa Wete, kisiwani Pemba, hakulijua hilo alipokwenda huko kumchukua shangazi yake. Namna alivyofika haina haja ya kusimuliwa: alifungwa mikanda, akatapika, akashushwa, kama wote waliomtangulia. Habari yetu inaanzia langoni.

Langoni alikaa afisa mmoja mwanamke, jina lake Ndeshi, mwenye sare ya kijivu na uso usiotaka mchezo. Hakumwangalia Faki. Alimsogezea bomba la kioo lililosimama wima, na ndani yake mlikuwa na kigololi chepesi chekundu.

"Wewe, vuta hewa, kisha puliza hapa. Kigololi kikishuka umekwisha."

"Na pasi yangu?"

"Pasi utampa mwenye haja nayo. Puliza."

Sasa, Faki kazi yake ilikuwa kutangaza mpira redioni. Kule kwao husemwa kwamba akianza kulipigia kelele goli, mtu ana nafasi ya kuteleka birika, na chai ikawa tayari kabla goli halijaisha. Wenye kusema hivyo wanatia chumvi, lakini si nyingi. Akavuta hewa, akapuliza. Kigololi kikapanda mpaka juu, kikatulia huko. Ndeshi akaacha alichokuwa akikifanya. Akaketi vizuri. Kigololi hakijashuka. Mwishowe akasimama kabisa, akanyoosha koti lake, na kigololi kiliporudi chini yule "wewe" alikuwa kesha kufa.

"Karibu Ukingoni, Mheshimiwa," alisema. "Utapimwa tena siku ya kuondoka. Sheria hairuhusu mtu kutoka na pumzi nyingi kuliko aliyoingia nayo."

"Pumzi nitaiba vipi, dada?"

"Sijui. Sheria ni ya zamani. Sisi tunapima tu."

Ndeshi mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kumtembeza, na kwa njia hiyo Faki akaijua nchi. Ukingoni imejengwa juu ya ukingo wa shimo kubwa ambalo halijaona jua tangu mwezi uwe mwezi. Upande mmoja ni mwanga, maana huko jua halipandi juu wala halizami, linazunguka tu pembeni kama mtu anayetafuta mlango. Upande wa pili ni giza na barafu. Watu wanaishi katikati, ndani ya nyumba zilizofunikwa udongo mnene, kwa sababu jua la huko lina mionzi inayopenya hadi mifupani. Lugha yao ni Kiswahili. Ndeshi alieleza kwamba mataifa makubwa yaliyoijenga nchi yalikataa kila moja lugha ya mwenzake, yakagombana mpaka yakachoka, na siku yalipoangalia huku na huku yakakuta mafundi wanaofunga mabomba wamekwisha kuelewana zamani.

Na ilikuwaje pumzi ikawa ndiyo cheo? Watangulizi, yaani watu wa kwanza kufika, walikuja na hewa ndani ya mitungi. Kila neno lilikula fungu la mtu mwingine. Wakakubaliana kwamba anayesimama Barazani aseme kwa pumzi moja tu, kisha akae. Ilikuwa sheria ya haki, na iliwaokoa. Baadaye barafu ya shimoni ikafikiwa, maji yakapatikana, na kutoka kwenye maji wakatoa hewa, hewa tele, mpaka ikazidi. Siku hizi kila siku hewa iliyozidi hutolewa nje kwa dohani, mbele ya afisa anayesimama kimya kuishuhudia inavyokwenda. Sheria ya pumzi moja imebaki palepale.

Basi ikawa mwenye kifua kipana ndiye mwenye hoja. Shuleni watoto hufundishwa kubana pumzi kabla ya kufundishwa kusoma. Kupiga mluzi ni kosa. Kupiga miayo mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu, kwa kuwa unajichotea zaidi ya kiasi chako. Mume na mke wakigombana, jirani hugonga ukuta kuwakumbusha wagombane kwa zamu. Faki aliona ukutani picha za wagombea, vifua vitupu, vichwa vimekatwa, akadhani ni matangazo ya fundi cherehani. Ndeshi akamsahihisha kwa upole.

"Uso unaweza kudanganya," alisema.

Kilichomshangaza Faki zaidi ni jambo ambalo hakuna mwenyeji aliyeliona la kushangaza. Vumbi la mwezini halijawahi kusagwa na upepo wala mvua, kwa hiyo kila chembe yake ina makali kama kioo kilichovunjika. Waliochimba barafu, waliofyatua matofali, waliolaza nyaya, wote walilivuta vumbi hilo, na mapafu yao yakachakaa. Waliokaa ndani wakipanga mipango walibaki na mapafu masafi. Kwa hiyo waliojenga nchi hawakuwa na pumzi ya kuisemea, na waliokuwa na pumzi hawakuwa wameshika hata koleo. Faki alipomuuliza Ndeshi kama hilo haliwakeri, Ndeshi alifikiri kidogo, akasema Watangulizi wanaheshimiwa mno: wana viti vya kudumu Barazani, vya mbele kabisa, vyenye mito laini, na wakiingia watu wote hupiga makofi.

"Na wakisema?"

"Wakisema, kengele ya kuwakalisha hulia mapema," alijibu.

Asije mtu akadhani Faki alikwenda huko kucheka. Alipoingia bustani za mchicha, safu juu ya safu, mizizi ikinyweshwa kwa ukungu mwembamba uliokuwa jasho la watu jana, alivua kofia bila kujua kwa nini. Aliyagusa matofali yaliyookwa kwa vioo vya kukusanyia jua. Aliona jikoni mtu anasukuma chapati, na chapati ikirushwa inakawia kurudi kwenye kikaango. Mahali ambapo hapakuwa na hewa ya kumtosha inzi, watu walikuwa wanakata vitunguu na kubishana kuhusu chumvi. Faki alijivuna, akajivuna kweli, kana kwamba yeye ndiye aliyetia mkono.

Sasa ndipo likaja jambo ambalo hakulitazamia. Mataifa ya Duniani yalikuwa yamechoka kuvutana kuhusu Ukingoni, yakaliachia Baraza la huko liamue lenyewe: nchi iendelee, au ifungwe na watu wote warudishwe. Iliitwa Hoja ya Kufunga. Kiongozi wake alikuwa Mheshimiwa Lutengano, mtu mwenye kifua ambacho watoto walikichora kwenye madaftari yao. Habari za kigololi zilimfikia Lutengano kabla Faki hajafungua begi.

"Bwana Shaame," alimwambia, wakiwa wamekaa kwenye ofisi yake yenye zulia, "umekuja kumrudisha nyumbani Dokta Raya Hamad, shangazi yako. Si kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Baba kanituma. Ni dada yake wa pekee."

"Mtu hafungashwi kwa nguvu. Akikataa kuondoka utafanya nini? Lakini nchi ikifungwa, wote tutaondoka, naye atakuwemo. Hoja yangu na haja yako ni kitu kimoja. Baraza linaweza kukupa kiti cha heshima siku ya kura. Ukae karibu yangu. Ukisimama wewe baada yangu, nani atakumbuka kulikuwa na upande wa pili?"

Lutengano hakuwa mtu mbaya. Aliamini anachokisema. Alisema Duniani kuna wagonjwa wasio na kitanda, na kuna watoto wanaosoma juani, na kwamba ni aibu kumwagia maji mchicha wa mwezini huku mashamba ya binadamu yakikauka. Maneno hayo yalimwingia Faki. Tena alikuwa amepewa utepe wa bluu wa kuvaa begani, kichwa kikamvimba kidogo. Akampa Lutengano mkono, akakubali.

Shangazi Raya alikuwa akiishi chumba kinachopakana na bustani. Faki alimwona mara ya mwisho yeye akiwa mtoto wa shule, na shangazi akiwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili. Aliyemfungulia mlango alikuwa mwembamba, na kifua chake kilikuwa kikifanya kazi kubwa kwa jambo dogo la kusimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mrefu..." Akanyamaza, akavuta hewa. "...kama babu yako."

Alisema hivyo siku zote: maneno matano, kisha anangoja. Faki alijifunza kungoja naye. Akampa salamu zote za Wete, za walio hai na zile walizoacha waliokufa. Akamwambia baba amempakia rangi chumba chake, dirisha linatazama mikarafuu, na kwamba kila mtu anayepita huulizwa kama ameshasikia Raya anarudi.

Shangazi alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamshika mkono, akampeleka kwenye dirisha nene lililo mwisho wa ujia. Chini yake kulikuwa na shimo. Mbali kabisa, ndani ya giza lile, taa ndogo za wachimbaji zilikuwa zinasogea, na kapu la barafu lilikuwa linapanda polepole.

"Pale niliteremka mimi kwanza," alisema, akavuta hewa. "Kwa kamba. Nikagusa. Nikalia." Akapumzika. "Redio ikauliza, umeumia?" Akavuta hewa. "Nikasema, hapana. Ni maji."

Akamtilia bilauri, akampa. Faki akayanywa yale maji. Hayakuwa na ladha yoyote, na alipomaliza hakutaka kuiweka bilauri chini.

Hapo ndipo shangazi alipomwambia alichokuwa hajamwandikia mtu. Mwezini mtu huwa mwepesi, sehemu moja ya sita ya uzito wake. Mifupa na moyo huzoea. Yeye alikuwa amezoea kwa miaka mingi mno, na mapafu yake yalikuwa vile yalivyo. Siku atakayokanyaga Wete atakuwa mzito mara sita ya anavyojijua. Daktari alimwambia moyo hautaweza kusukuma damu.

"Nikifika, mtanipokea. Kisha mtanizika."

Faki alikaa kitako sakafuni. Utepe wa bluu ulikuwa bado begani mwake, na shangazi alikuwa ameuona tangu mlangoni.

"Nimeshampa Lutengano neno langu," alisema Faki.

"Kifua ni chako, mwanangu. Sikuombi." Akatabasamu. "Umekula?"

Jioni ile ile Faki alirudi kwa Lutengano. Alimweleza aliyoyasikia, na Lutengano alimsikiliza kwa huruma ya kweli. Akasema madaktari wana tabia ya kutisha watu. Dokta Raya atashushwa taratibu, atawekewa kitanda maalumu, atapewa mashine ya kumsaidia kupumua. Akiishi mwaka mmoja tu chini ya paa la kaka yake, dirisha likitazama mikarafuu, je, huo mwaka si bora kuliko kumi ya upweke? Faki alitaka sana kuamini. Alimwona baba yake amekaa kibarazani, akitazama barabara. Akaondoka bila kuvua utepe.

Siku zilizobaki kabla ya kura alizishinda bustanini na shangazi. Huko ndiko alikosikia kwamba Raya ana hotuba. Aliianza zamani, fununu za kufunga nchi zilipoanza. Kila kikao cha Baraza alisimama, akasema maneno matano, kengele ikalia, akakaa. Kikao kilichofuata akaendelea pale alipoishia. Waheshimiwa walilichukulia kama mazoea ya bibi mzee, wakawa wanapanga makaratasi yao wakati ule. Lakini Ndeshi alimwambia Faki jambo lingine.

"Kule shimoni, zamu ikipanda juu, swali la kwanza ni: Bi Raya amefikia wapi? Mwenye kujua anawaambia wenzake. Mimi mwenyewe naijua yote mpaka hapa ilipo. Hatujui mwisho wake tu."

"Na kwa nini hamsemi?"

Ndeshi alionekana kama hajaelewa swali. "Si hotuba yetu," alisema.

Raya alimsomea Faki mwanzo wake, maneno matano, kisha konzi ya mbegu. Maneno matano, kisha maji. Alipomuuliza mwisho unakujaje, shangazi akamwambia ashike kapu lake vizuri.

Ikafika siku. Ukumbi wa Baraza ulijaa, na roshani ya wananchi ilijaa zaidi, wachimbaji wamekuja na nguo zao za kazi. Juu mezani alikaa Spika, Bi Amondi, mwanamke makini aliyeipenda sheria kuliko usingizi. Pembeni yake alikaa Karani wa Mabega. Kazi ya karani huyu ni kuyatazama mabega ya anayesema: yakiinuka kuvuta hewa mpya, anagonga kengele.

Watangulizi waliingia, watu wakasimama kuwapigia makofi. Kisha Lutengano akasema. Nitasema haki yake: alisema vizuri. Alizungumzia wagonjwa, akazungumzia mashamba, akazungumzia Watangulizi kwa machozi, akasema tumeshaonyesha kwamba tunaweza na sasa tufunge kwa heshima, na mabega yake hayakutikisika mpaka mwisho. Alipokaa alimgusa Faki goti. "Bado wewe," alinong'ona.

Lakini Spika alikuwa amekwisha kuliita jina la Dokta Raya Hamad, kwa kuwa Mtangulizi humtangulia mgeni. Raya akasimama. Waheshimiwa wakaanza kupanga makaratasi. Kule roshani watu waliinama mbele ili wapate maneno matano ya siku ile.

Raya hakusema matano. Alisema mawili.

"Naomba pumzi."

Kengele haikulia, kwa sababu karani alisahau kuigonga.

Lazima nieleze. Kwenye kila mlango wa kutokea nje, katika nchi nzima, kumeandikwa sheria ambayo ni ya zamani kuliko Baraza. Inasema: Aombaye pumzi hanyimwi. Iliwekwa wakati watu wakifanya kazi nje kwa mitungi. Mwenzako hewa ikimwishia, unaunganisha mpira wako wa hewa na wake, mnapumua pamoja mpaka mfike nyumbani. Hakuna mtu wa Ukingoni asiyeijua. Mtoto akianza kuongea hufundishwa hiyo kwanza. Na aliyeitunga, siku mwenzake mmoja alipomfia mikononi hatua chache kutoka mlangoni, alikuwa Raya.

Mwanasheria wa Baraza akasimama haraka. Akasema sheria ile ni ya nje, humu ni ndani. Mjumbe mmoja akauliza ni wapi palipoandikwa nje. Wakatuma mtu akasome mlangoni. Akarudi, akasema hapakuandikwa nje wala ndani. Mwanasheria akasema iko wazi kwamba inahusu mipira na mitungi. Mjumbe mwingine akasema basi uletwe mpira. Mmoja akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza pumzi ni nini, na kwa muda wa dakika kadhaa pendekezo hilo liliungwa mkono na watu wazima wenye akili zao. Wakati wote huo Raya alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza, na magoti yalikuwa yanaanza kumtetemeka.

Faki alikuwa akimtazama. Aliona kwamba akikaa kimya, shangazi atakaa chini, hoja itapita, naye atamfikisha kwa baba. Watapata mwaka wao, labda mwezi, labda siku ya kumpokea tu. Na akisimama, atarudi Wete peke yake, na hatamwona tena mwanamke huyu maisha yake yote. Moyo ulimuuma hadi akadhani amejikwaruza kwa ndani. Kisha akavua utepe wa bluu, akamwekea Lutengano mapajani.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Nilikupa neno langu kabla sijaelewa ni la nani."

Akaenda kwa ile miguu ya kurukaruka ambayo wageni hawaiwezi, akajigonga kwenye meza mbili, akasimama kando ya shangazi yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mimi namwazima yangu."

Bi Amondi alimtazama. Akamtazama Raya, magoti yale. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa mbele yake imeandikwa kila mlango.

"Aombaye pumzi hanyimwi," alisema. "Karani, tazama mabega ya mgeni."

Faki akavuta hewa. Alivuta kama anavyovuta redioni mchezaji anapoupokea mpira katikati ya uwanja na hakuna mtu mbele yake. Akaanza hotuba ya shangazi toka neno la kwanza:

"Wanaosema turudi hawasemi uongo. Vumbi la hapa linakata mapafu, na mimi ni shahidi. Jua la hapa linapenya mifupa, ndiyo maana tunaishi chini ya udongo kama fuko. Wapo tuliokuja nao ambao hawakuuona mchicha wa kwanza. Lakini niambieni, ni nchi gani iliyompokea binadamu kwa mikono miwili? Jangwa lilimkataa kwa kiu. Milima ilimkataa kwa baridi. Visiwa vilimkataa, akachimba kisima cha maji ya chumvi, akahamia pembeni, akachimba tena. Hakukaa popote kwa sababu alipendwa. Alikaa kwa sababu alijifunza. Na alichojifunza mahali pagumu alikirudisha kwa ndugu zake waliobaki mahali pepesi, na—"

Mabega yakainuka. Kengele ikalia. Faki aliyekuwa hajawahi kukatishwa na goli lolote alibaki mdomo wazi, machozi yakimtoka, na hotuba haijafika nusu. Waheshimiwa wakaanza kuguna. Lutengano akajiweka sawa kitini.

"—na hakuomba shukrani," alisema mtu nyuma.

Alikuwa Ndeshi, amesimama mlangoni na sare yake ya kijivu, mikono imenyooka pembeni. Uso ulimwiva, lakini sauti haikutetemeka. Akaendelea, akasema juu ya shimo, juu ya kamba, juu ya watu walioteremka gizani wasijue kama kuna chini. Kengele ikalia. Na kabla mlio haujaisha, kule roshani akasimama mchimbaji mmoja mzee, na pumzi yake haikumfikisha mbali.

"Tukakuta maji..."

Kengele.

"...yaliyolala humo..." alisema wa pili.

Kengele.

"...kabla hajazaliwa mtu..."

"...wa kuyanywa."

"Tukayaamsha."

Karani wa Mabega alikuwa hana tena muda wa kupumua yeye mwenyewe. Mwishowe aliiweka nyundo ya kengele mezani, akaikunjia mikono. Sasa maneno yalitoka kila pembe, matatu huku, mawili kule, kwa sauti za kukwaruza za watu walioacha mapafu yao ndani ya kuta zile, na hakuna neno lililogombana na lingine. Walisema hawatupi hata tone. Walisema mchicha wao unakunywa jasho lao. Walisema kwamba kilimo hicho cha kunyunyizia ukungu kimekwisha kushuka Duniani, na ziko nchi kavu zinazokula kwa sababu yake. Lutengano alikuwa ametazama chini. Midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno, na Faki aliona kwamba naye, kwa miaka yote ile, alikuwa akisikiliza.

"Hatukuja kuikimbia Dunia," alisema mama mmoja wa matofali.

"Tulikuja ili siku moja..."

"...mtoto wa huko akitaka..."

"...kwenda mbali zaidi yetu..."

"...awe na mahali njiani..."

"...pa kuombea maji."

Hapo ndipo hotuba ilipokuwa imefikia kikao kilichopita. Hakuna aliyejua inaendelea vipi. Watu wote wa roshani, na wajumbe, na Spika, walimgeukia Raya. Faki alimshika kiwiko. Raya akavuta hewa yake mwenyewe, ile ndogo, kwa taratibu, mpaka ikatosha.

"Msizime taa. Wako watu njiani."

Akakaa.

Kura ilipigwa kwa mikono, na Hoja ya Kufunga ikaanguka. Sitasema ilianguka kwa kishindo. Wapo waliobaki na Lutengano, na walikuwa na sababu zao. Lutengano mwenyewe hakuinua mkono upande wowote. Baada ya hapo Baraza liliijadili sheria ya pumzi moja, likashindwa kuifuta, kwa kuwa wajumbe waliotaka kuitetea walisema kwa urefu sana. Lakini tangu siku ile Mtangulizi akisimama, kuna mtu anayekwenda kusimama kando yake. Huo ukawa ndio utaratibu, na hakuna aliyeuandika popote.

Siku ya Faki kuondoka, shangazi hakwenda langoni. Waliagana bustanini. Alimpa chupa ndogo ya maji ya shimoni ampelekee kaka yake, na Faki akaahidi kwamba atamweleza baba kila kitu, neno kwa neno, hata kama itachukua mwezi mzima.

"Mwambie chumba akipangishe," alisema Raya. Akavuta hewa. "Dirisha asilizibe."

Langoni Ndeshi alikuwa mezani pake. Sheria ni sheria. Alimsogezea lile bomba la kioo. Faki akavuta hewa, akapuliza. Mawazo yake yalikuwa bado bustanini. Kigololi kikainuka kidogo, kikayumba, kikaanguka. Akajaribu tena. Kikaanguka tena.

Ndeshi aliangalia bomba, kisha akamwangalia yeye, usoni.

"Umepungua sana, kaka," alisema. "Uliingia na nyingi. Nyingine iko wapi?"

"Nimemwachia shangazi," alisema Faki.

Ndeshi akaitika kwa kichwa, akasimama, akamfungulia mlango.